Mtoto Anapopimwa Kusoma, Nani Anadaiwa?

Kwenye karatasi za kupimia watoto wa darasa la pili kuna kipengele kiitwacho kusoma kwa ufasaha. Muulize mzee yeyote wa Tabora mtu fasaha ni nani, atakwambia ni yule anayesema yakaeleweka: maneno yamenyooka, sauti imetulia, msikilizaji hapotei njiani. Neno lenyewe tulilipata kwa Waarabu, na kwao pia lilihusu usafi wa lugha. Katika maana hiyo hakuna mahali palipotajwa saa. Lakini ingia darasani siku ya upimaji, utakuta ufasaha umekuwa hesabu: maneno mangapi sahihi kwa dakika moja.

Nimefundisha darasa la pili Ulyankulu kwa miaka miwili, na katika miaka hiyo swali lililonikosesha usingizi halikuwa la mbinu. Vitabu vya mbinu vipo, na vingine ni vizuri. Swali lilikuwa la haki. Tuna haki gani ya kumkalisha mtoto wa miaka minane mbele ya saa, tukaandika namba mbele ya jina lake? Na tukishaiandika, nani anamdai mwenzake: sisi tunamdai mtoto, au mtoto anatudai sisi?

Ninaandika haya nikiwa ninaamini kwamba watoto wapimwe. Nalisema hili mapema kwa sababu mjadala wa upimaji huwa na watu wa aina mbili, wanaoabudu namba na wanaoichukia, na mimi simo katika kundi lolote kati ya hayo.

Kwa msomaji asiyepafahamu, Ulyankulu iko wilaya ya Kaliua, kaskazini magharibi mwa Tabora mjini, katika nchi ya miombo, asali na tumbaku. Katika karne ya 19 Mirambo aliunganisha Uyowa na Ulyankulu, akajenga juu yake dola iliyoitikisa njia ya misafara kutoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, mpaka alipofariki mwaka 1884. Mwaka 1972, mauaji ya Burundi yalipowafukuza watu kwao, serikali ya Tanzania ilifungua hapa makazi ya wakimbizi. Misitu ikafyekwa, barabara zikapewa namba. Ndiyo maana kwaya iliyolitangaza jina la Ulyankulu Afrika Mashariki nzima inaitwa ya Barabara ya 13. Mwaka 2014 wakimbizi hao wa zamani, zaidi ya watu 160,000 pamoja na wenzao wa Katumba na Mishamo, walianza kukabidhiwa vyeti vya uraia wa Tanzania.

Wajukuu na vitukuu vyao ndio niliowafundisha, wamechanganyika na Wanyamwezi, Wasukuma na Waha. Asubuhi mtoto ameamkiwa kwa Kirundi, njiani anatania kwa Kisukuma, na anapoketi kwenye dawati anakutana na Kiswahili. Kwa wengi wao Kiswahili ni lugha ya shule, ya kwaya na ya mnadani. Ni lugha yao, nao wanaimudu kwa namna yao, lakini si ile waliyobembelezewa.

Kipimo cha dakika moja kilifika kwetu kwa njia ndefu. Kinajulikana kwa kifupi EGRA. Kilianza kutengenezwa mwaka 2006 na taasisi ya RTI ya Marekani kwa fedha za USAID, kikasambaa katika nchi nyingi za Afrika, Asia na Amerika ya Kusini. Hapa Tanzania kilitumika kitaifa mwaka 2013 kwa sampuli ya watoto wa darasa la pili. Mtoto wa wastani alisoma maneno yapatayo 18 kwa dakika. Baadaye kikapendekezwa kigezo cha maneno 50. Mwaka 2015 ukaja mtaala wa darasa la kwanza na la pili uliojengwa juu ya KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, na walimu wengi wa mikoa kama Tabora wakapewa mafunzo ya kuufundisha.

Utaratibu ni huu. Mpimaji anaketi na mtoto mmoja mmoja, mkononi ana kishikwambi au karatasi na saa. Kuna orodha ya silabi, kisha maneno, kisha maneno ya kubuni yasiyo na maana yoyote, ili ijulikane kama mtoto anasoma kweli au anakumbuka tu. Mwisho kuna hadithi fupi. Mtoto akianza, saa inaanza. Akikosea neno, linapigwa mstari. Akikwama kwa sekunde chache, anaambiwa aendelee na linalofuata. Dakika ikiisha, mpimaji anaweka alama pale mtoto alipofika, kisha anauliza maswali ya ufahamu.

Nianze na utetezi wa saa, kwa sababu unastahili kusikilizwa.

Mwaka 1974 wanasaikolojia wawili wa Marekani, David LaBerge na Jay Samuels, walieleza kwamba akili ya msomaji ina kiasi chake cha umakini. Umakini huo ukiishia kwenye kutambua herufi, haubaki wa kuelewa. Ni kama anayejifunza baiskeli: akili yote ikiwa kwenye pedali, shimo la barabarani halioni. Miaka mingi baadaye Helen Abadzi, aliyefanya kazi Benki ya Dunia, aliipeleka hoja hiyo kwenye shule za nchi maskini. Alisema kumbukumbu ya muda mfupi hushika vitu vichache kwa sekunde chache, hivyo anayesoma polepole mno anapofika mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshatoweka.

Mwalimu yeyote wa darasa la pili analijua hilo bila kusoma utafiti. Mtoto anaweka kidole kwenye karatasi: wa... li... po... ku... wa... Anapumua. Anarudi: wa... li... Anapofika kwenye wa ya mwisho, uso wake unaonyesha kwamba silabi zote tano amezitamka na neno hakulipata. Mtoto huyo anahitaji mwendo. Kumwambia kwamba haraka haina baraka ni kumdanganya kwa methali.

Utetezi wa pili ni wa kisiasa, na kwangu mimi ndio mzito zaidi. Kabla watoto hawajaanza kupimwa mmoja mmoja, nchi nzima iliweza kusema kwamba inasomesha, kwa kuhesabu madawati na walioandikishwa. Mtoto alipanda madarasa kimya kimya mpaka mtihani wa darasa la saba umfichue, na hapo alikuwa na miaka kumi na minne na hakuna aliyekuwa tayari kurudi naye kwenye ba, be, bi. Karibu na mwaka 2010 Uwezo walianza kuwapima watoto majumbani Tanzania, Kenya na Uganda, kwa njia iliyoanzia India. Ripoti zao za miaka ya mwanzo zilionyesha kwamba karibu watatu tu katika kila kumi wa darasa la tatu waliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Wengi walikasirika, lakini yale yalikuwa makasirisho yenye faida. Kukaa kimya juu ya mtoto asiyejua kusoma ni kumdhulumu kwa upole.

Kwa hiyo tunapima. Ugumu unaanzia kwenye kile ambacho namba inakificha.

Inaficha kwanza lugha. Neno ni nini? Chukua nitakapomwona. Katika Kiswahili ni neno moja. Ndani yake yumo anayeona, yumo anayeonwa, upo wakati, na lipo tendo. Mwingereza kusema jambo hilo hilo angeliandika kwa maneno manne, naye angehesabiwa manne. Mtoto wa Ulyankulu aliyeipanda ngazi ile ya silabi sita mpaka juu amepata moja. Kirundi anachozungumza nyumbani kiko vivyo hivyo, neno moja limebeba sentensi. Afrika Kusini walikutana na jambo hili wakalikubali. Kwa lugha za Nguni kama Kizulu, ambazo huunganisha viambishi kama sisi, lengo la mwisho wa darasa la tatu ni maneno 35 kwa dakika. Kwa lugha za kundi la Kisotho na Kitswana, ambazo huandika viambishi hivyo vikiwa vimeachana, lengo ni 60. Lugha hizo ni ndugu, zinazungumzwa katika nchi moja, chini ya wizara moja, na malengo yanakaribia kuzidiana mara mbili kwa sababu ya mahali wamisionari na wanaisimu walipoamua kuweka nafasi kati ya maneno. Basi 50 yetu haikushuka kutoka mbinguni. Ni makubaliano ya watu, na makubaliano ya watu yanahojiwa.

Inaficha pia ulimi. Katika Kirundi sauti ya l na ya r hazitenganishwi kama tunavyozitenganisha sisi. Mtoto anaona kalamu, anatamka karamu. Je, amesoma kalamu kwa lafudhi ya nyumbani kwao, au amesoma neno jingine? Miongozo ya EGRA inasema lafudhi isihesabiwe kosa. Ni vizuri. Lakini kuujua mpaka wa lafudhi na kosa kunahitaji mpimaji anayemjua mtoto, au angalau anayejua Kirundi kinavyosikika, na yeye ana sekunde moja tu ya kuamua kabla neno linalofuata halijatamkwa. Nimesikiliza watoto wale kila siku kwa miaka miwili, na bado kuna maneno nilihitaji kumuuliza mtoto: hii ni ya kuandikia, au ni ile ya kula wali?

Kuna jambo la tatu ambalo watu wengi hawalifahamu. Maswali ya ufahamu huulizwa kwa sehemu ile tu ambayo mtoto amefikia dakika ilipoisha. Ni busara, kwani huwezi kumuuliza mtu asichokisoma. Lakini matokeo yake ni kwamba mtoto wa polepole anaulizwa swali moja au haulizwi kabisa, na maswali yaliyobaki yanahesabiwa kama hakuyaweza. Kimya cha anayeuliza kimeandikwa kuwa ujinga wa asiyeulizwa.

Hapo nawakumbuka watoto wawili wa mwaka mmoja, sitawataja. Wa kwanza, msichana, alisoma kama mvua. Aliweza kumaliza hadithi nzima kabla ya dakika, bila mstari hata mmoja. Hadithi ilikuwa ya mbuzi aliyepotea msituni. Nikamuuliza nani alipotea. Akanitazama. Nikamuuliza tena kwa upole. Akasoma tena sentensi ya kwanza, kwa kasi ile ile, kisha akanitazama kuona kama nimeridhika. Mwenzake aliposaidia kwa Kirundi, akacheka na kuanza kueleza mbuzi wao alivyopotea wiki iliyopita. Alikuwa na hadithi, alikuwa na herufi, na vitu hivyo viwili havikuwa vimekutana.

Wa pili, mvulana, alisoma maneno 14. Nilimwacha aendelee baada ya dakika. Alipofika kwenye mbuzi kupotea, alisimama akasema, "Mwalimu, huyu atamkuta kwa jirani." Hadithi ilikuwa haijafika huko. Alikuwa anaisoma kwa mwendo wa konokono na wakati huo huo yuko mbele yake.

Kwa kigezo cha maneno 50, msichana anajua kusoma na mvulana hajui. Mwaka 1986 watafiti Philip Gough na William Tunmer waliandika kwamba kusoma kwa ufahamu ni zao la kuzidisha vitu viwili, kutambua maneno na kuielewa lugha. Walisema kuzidisha kwa makusudi, kwa sababu ukizidisha kwa sifuri unapata sifuri, kitu kingine kiwe kikubwa namna gani. Msichana yule alihitaji Kiswahili cha kuzungumza, nyimbo, masimulizi, mabishano, mwalimu wa kumsimulia na kumsikiliza. Mvulana alihitaji mazoezi ya silabi na vitabu vingi vyepesi. Ni dawa mbili tofauti. Namba iliyowapanga mmoja juu na mwingine chini haikumwambia mwalimu chochote juu ya dawa.

Mtu anaweza kuniuliza: mbona Tabora ni mji wa zamani wa madrasa, na huko watoto husoma Kurani tangu mwanzo hadi mwisho bila kujua Kiarabu, na wazazi huwafanyia sherehe? Hiyo si kusoma? Ni kusoma, na kuna heshima yake. Lakini angalia mambo mawili. Madrasa haijifichi, mwalimu, mzazi na mtoto wote wanajua kwamba kinachofunzwa hapo ni matamshi na adabu ya maandiko, na maana itafuata baadaye. Tena, katika kanuni za usomaji wake, haraka ni kasoro. Kuna mahali pa kuvuta na mahali pa kutua, na anayekimbia anarudishwa. Shule ya msingi ndiyo inayosema inafundisha ufahamu na huku inahesabu mbio.

Sasa nifike kwenye swali la haki, na nilieleze kwa mizani mbili ambazo kila mtu wa Ulyankulu anazijua.

Ya kwanza ni ya tumbaku. Mkulima amehangaika tangu kitalu, amevuna, amekausha kwenye bani, amefunga mitumba, ameipeleka kwenye soko la chama cha msingi. Mteuzi anapita, anashika jani, anaangalia rangi, urefu na unene, anataja daraja. Mizani inataja kilo. Daraja mara kilo, hiyo ndiyo bei. Mkulima anaweza kunung'unika, na mara nyingi hunung'unika, lakini jani halitabadilika. Limekwisha kukauka. Upimaji ule ni wa haki, ukifanywa kwa uaminifu, kwa sababu unapima kitu kilichofika mwisho, kwa faida ya anayenunua.

Ya pili ni ya zahanati. Mama anamning'iniza mtoto kwenye mizani, muuguzi anasoma uzito, anaweka nukta kwenye kadi ya kliniki. Nukta peke yake haisemi mengi. Muuguzi anaitazama ya mwezi uliopita, na ya mwezi ule mwingine, anaona mstari unapanda, umelala au unashuka. Kwenye kadi kuna mistari ya kawaida ya watoto wote, na inasaidia kujua nani ashughulikiwe kwanza. Uzito ukishuka, muuguzi hamfukuzi mtoto. Anauliza analishwa nini, alihara lini, nyumbani kuna nini. Halafu kadi inarudi mkononi mwa mama. Ni mali yake.

Saa ile ile, mtoto yule yule, hadithi ile ile ya mbuzi: inaweza kuwa mizani ya tumbaku au mizani ya kliniki. Tofauti haiko kwenye kifaa. Iko kwenye maswali matatu. Mtoto analinganishwa na nani, na kigezo cha nchi tu au pia na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita? Anayepima analazimika kufanya nini baada ya kupima? Na matokeo yanabaki mikononi mwa nani?

Kwa maoni yangu, kumpima mtoto kunazaa deni, na mdaiwa ni mpimaji. Nikigundua kwamba mtoto hatambui silabi, nimepata elimu ambayo sikuwa nayo, na nimeipata kwa kumweka yeye kwenye hofu ya dakika nzima. Ameilipa. Sasa zamu yangu. Nisipofanya kitu, nimechukua bila kurudisha. Hili linamhusu mwalimu, na linawahusu zaidi wale walio mbali, waliokusanya namba kwa sampuli, wakaandika ripoti, wakaondoka. Sampuli ina kazi yake, nchi haiwezi kupanga bila kujua hali. Lakini mtoto aliyechaguliwa kwenye sampuli aliulizwa na mtu ambaye hatamwona tena. Jambo moja lililonifurahisha kwa Uwezo ni kwamba wapimaji wao walimpa mzazi matokeo pale pale nyumbani. Ni kitu kidogo, lakini kadi imerudi kwa mama. Pia hawakumwekea mtoto saa kwenye hadithi.

Tangu mwaka 2025, Marekani ilipoifunga USAID, fedha zilizolipia sehemu kubwa ya upimaji wa namna hii katika nchi nyingi zimekatika. Wengine wameomboleza. Mimi naona imetupa nafasi ya kujiuliza swali lililokuwa limefunikwa: ripoti zisipotakiwa na mfadhili, tutaendelea kuwasikiliza watoto wakisoma? Tukiacha, tutakuwa tumejibu kwamba upimaji ulikuwa wa nani.

Kuna hatari nyingine ya kuigeuza saa kuwa mizani ya soko. Donald Campbell, mwanasayansi ya jamii wa Marekani, alionya katika miaka ya 1970 kwamba namba ikishatumiwa kuamulia nani apewe sifa na nani aadhibiwe, watu wataiharibu namba na kazi yenyewe pamoja. Wazee wetu walishasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Sifia shule kwa maneno kwa dakika, na utapata watoto waliokariri hadithi za mazoezi, wanaosoma kwa pumzi moja kama anayekimbizwa na nyuki. Watoto wa Ulyankulu wana kipaji cha kukariri; wamekulia kwenye kwaya, wanashika beti tano kwa kusikia mara mbili. Ukiwapa motisha ya kukariri kusoma, watakariri, na hutajua mpaka uwageuzie ukurasa.

Najua pingamizi la walimu wenzangu, kwa sababu nililisikia kila siku chini ya mwembe wa ofisini. Nina watoto 110 darasani. Kumsikiliza kila mmoja vizuri, kwa silabi, hadithi na maswali, ni dakika kumi. Hiyo ni dakika 1,100, karibu vipindi 37 vya nusu saa. Nani atafundisha wakati huo? Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 madarasa yamefurika, na furaha ya kufurika huko imeangukia mabegani mwa mwalimu mmoja.

Pingamizi hilo ni la kweli na halijibiwi kwa hotuba. Nilichofanya mimi ni kupunguza kipimo kuliko kukiacha. Watoto watano kwa siku, wengine wakiwa wanaandika. Kila mmoja dakika zisizozidi tano, kitabu chochote alichokizoea, na ukurasa mmoja asioujua. Saa sikuitumia, masikio ya mwalimu yanatosha kujua nani anakwama na wapi. Swali moja la ufahamu, na akishindwa kwa Kiswahili, anajibu kwa Kirundi au Kisukuma, mwenzake anatafsiri. Kwenye daftari naandika sentensi moja: silabi za mwambatano zinamsumbua, anasoma vizuri, haelewi, anaelewa, apewe vitabu vyepesi. Kwa siku 22 za shule darasa lote limepita. Daftari hilo halikuwa na wastani, na hakuna ofisi iliyolihitaji, lakini Jumatatu asubuhi nilijua nani akae na nani.

Sidai kwamba kila mwalimu anaweza. Nadai kwamba wizara na halmashauri zikitaka namba kutoka kwa mwalimu, zimwachie nafasi ya kufanya jambo juu ya namba hiyo: msaidizi, vitabu vya kusoma vya ziada, au hata idhini ya kuacha kipindi kimoja cha ratiba. Kumdai mwalimu kipimo bila kumpa dawa ni kuliongeza deni la mtoto na kumkabidhi mwalimu alilipe.

Mwisho nijiulize kusoma kwenyewe ni kwa ajili ya nini, hapa tulipo. Watoto wale watakua. Wengine watalima tumbaku na kuletewa mkataba wa pembejeo. Wengine watajaza fomu za kitambulisho, katika jamii ambayo babu zao walisubiri uraia kwa miaka zaidi ya arobaini na wanajua karatasi moja inavyoweza kuamua mtu ni wa wapi. Atasoma hati ya kiwanja, barua ya hospitali, ujumbe wa mkopo kwenye simu. Katika mambo hayo yote, ni nani humharakisha msomaji? Ni yule asiyetaka aelewe. Weka sahihi hapa, ndugu, gari linaondoka.

Kwa hiyo mtoto wangu wa darasa la pili nataka apate mwendo, kwa sababu bila mwendo sentensi inavunjika mikononi mwake. Na nataka apate ujasiri wa kutua kwenye neno, kurudi nyuma, kuuliza maana yake, na kumwambia aliyesimama juu yake na saa kwamba bado anasoma. Ujasiri huo hakuna kishikwambi kinachouhesabu. Tukiwazoesha watoto kwamba kutua ni kushindwa, watafika mbele ya mkataba wakiwa na maneno 50 kwa dakika, na wataweka sahihi kabla dakika haijaisha.